Kiti cha Bibi: Historia ya Pikapu ya Baba Iliyosomwa Kutoka Ndani



Tangu nilipoweka hapa picha ya pikapu ya marehemu baba, wengi wenu mmeniandikia kuuliza imefikia wapi. Wapo waliotaka kujua kama inatembea, wapo waliotaka kuinunua, na yupo mjukuu mmoja aliyeuliza kama ina kipoza hewa. Jawabu kwa ufupi: inatembea, haiuzwi, na kipoza hewa chake ni vidirisha viwili vya bati chini ya kioo cha mbele, ambavyo hufunguliwa kwa mkono.

Nilikusudia kuandika makala fupi ya ufundi: namna nilivyoondoa viti, raba na nyaya zilizochakaa, na namna nilivyotia vipya mahali pake. Mimi si fundi. Nimekuwa karani kwa miaka 34, na kazi ya karani ni kuhakikisha kwamba kila karatasi iko katika faili lake na kila faili lina namba yake. Basi kazi hii nayo niliifanya kikarani. Nilifungua daftari, nikaandika kila kipuri kilichotoka na kila kilichoingia, pamoja na tarehe yake. Ni daftari hilo lililonionesha kwamba jambo moja tulilolisimulia nyumbani kwetu kwa takriban miaka 50 halikuwa kweli.

Tulivyosimuliwa

Masimulizi ya nyumbani mnayajua. Baba alikuwa na duka na nyumba Malindi, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 duka likaenda, na nyumba ikaenda. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minne na ushei. Ninachokumbuka ni milango kufungwa mchana na mama akituzuia tusiseme kwa sauti. Tukahamia Dar es Salaam, tukaishi katika vyumba viwili vya kupanga. Mwaka 1971 baba akatangulia Maskati. Mwanzoni mwa 1973 akatuita sisi watoto na mama, na mwisho wa mwaka huo wakaja bibi, mama yake baba, pamoja na shangazi na watoto wake wawili.

Sehemu inayofuata ndiyo tuliyokuwa tukiisimulia kwa fakhari. Tuliambiwa kwamba baba, baada ya kupoteza kila kitu, alifanya kazi miaka miwili tu katika nchi ya mababu, akanunua Land Rover mpya kabisa, pikapu, kutoka dukani, mwaka 1973. Katika harusi, katika matanga, na kila alipotokea kijana wa ukoo aliyelalamika kwamba maisha ni magumu, gari lile lilitolewa kama hoja. "Baba yako alikuja na begi moja, na baada ya miaka miwili alikuwa na gari jipya." Nami nimeyasema maneno hayo kwa wanangu, si mara moja wala mbili.

Kifurushi kutoka Uingereza

Baada ya kustaafu nililitoa gari bandani. Chesisi ilikuwa nzima, na injini yake ya petroli, yenye silinda nne, ilikubali kuwaka baada ya siku chache za kusafishwa. Palipoharibika hasa ni ndani. Joto la Maskati na unyevu wa bahari havina huruma na raba wala sponji. Mito ya viti ilikuwa imepasuka, sponji ya kiti cha dereva imekuwa unga, na raba za milango zimekauka hata zikivunjika kama biskuti. Nyaya zilikuwa zimevuliwa na kuunganishwa mara nyingi mno kiasi kwamba rangi zake hazikuwa na maana tena.

Mwanangu aliyeko Uingereza aliahidi kuninunulia vipuri huko. Bado vinatengenezwa, kwa sababu Waingereza wengi wanayapenda magari haya na kuyafufua. Muuzaji akamuuliza suala moja tu: gari ni la mwaka gani? Mwanangu akaniuliza mimi. Mimi, bila ya kutazama wala kufikiri, nikajibu kama nilivyofunzwa: 1973, jipya kutoka dukani. Muuzaji akasema kwamba gari la mwaka huo ni Series III, na akatuletea vipuri vya Series III.

Kifurushi kikafika. Ndani yake mlikuwa na dashibodi ya plastiki nyeusi pamoja na kasha la kuwekea saa za mbele ya dereva. Nikachukua bisibisi, nikaingia garini, nikajaribu kuipachika. Haikukaa. Nikadhani nimeigeuza. Nikaipindua. Haikukaa pia. Matundu ya skrubu hayakulingana na matundu ya bati, na mahali ambapo kasha la saa lilitakiwa likae hapakuwa na nafasi ya kulipokea.

Nilikaa ndani ya gari lile kwa muda mrefu, plastiki ikiwa mapajani mwangu, nikizitazama saa mbili za mviringo zilizo katikati ya ubao wa chuma, kati ya dereva na abiria: moja ya mwendo, ya pili ya petroli na joto la maji. Nilizitazama saa hizo tangu nilipokuwa na umri wa miaka 14. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ziko katikati.

Kwa nini saa ziko katikati

Jawabu lake ni historia yenyewe. Land Rover ilioneshwa kwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Solihull ilikuwa imetoka vitani pamoja na nchi yake. Chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao, na nchi ilihitaji sana kuuza bidhaa nje ili ipate fedha. Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni hiyo, alikuwa na Jeep ya masalia ya vita katika shamba lake kule Anglesey, na kutokana na Jeep hiyo akapata wazo la gari la mkulima. Mwili wake wakaufanya wa alumini iliyochanganywa na madini mengine, kwa kuwa alumini ilipatikana kuliko chuma.

Gari la majaribio la mwaka 1947 lilikuwa na usukani katikati, mfano wa trekta, ili lisiwe la kulia wala la kushoto. Usukani huo haukufaa, ukaachwa. Lakini fikra yake ilibaki katika saa. Ubao wa saa uliwekwa katikati ili ubao ule ule utumike katika gari la usukani wa kulia, kama yale ya Unguja na Tanganyika, na katika gari la usukani wa kushoto, kama hili letu. Ilikuwa ni njia ya kupunguza gharama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika Series I, kisha katika Series II iliyoanza 1958, kisha katika Series IIA iliyoanza 1961.

Mwaka 1971 ikaja Series III. Mabadiliko yake makubwa kwa mtu anayeketi ndani ni kwamba saa zilihamishwa kutoka katikati zikawekwa mbele ya dereva, katika dashibodi ya plastiki. Maana yake ni nyepesi, hata mtoto wa skuli ataielewa: Land Rover iliyotoka kiwandani mwaka 1973 ina saa mbele ya dereva. Gari letu lina saa katikati. Kwa hiyo gari letu halikuwa jipya mwaka 1973. Lilipofika mikononi mwa baba lilikwisha tumika miaka kadhaa.

Rangi iliyo chini ya viti

Karani hafungi faili kwa ushahidi mmoja. Nikatoa viti vyote. Katika Land Rover ya aina hii viti vitatu vya mbele hukaa juu ya sanduku la bati linalokatiza gari kutoka mlango hadi mlango. Chini ya kiti cha kulia limelala tangi la petroli; chini ya kiti cha kushoto pana nafasi ya kuwekea spana na jeki. Mito haikupigiliwa, huinuliwa kwa mkono. Ukiinua, unaona sehemu ya gari ambayo mpaka rangi kwa kawaida haishughuliki nayo, kwa kuwa anajua mnunuzi hataiona.

Sote tunalijua gari hili kwa rangi yake ya buluu. Chini ya viti, sanduku halikuwa la buluu. Lilikuwa rangi ya mchanga, na pale palipochubuka pakaonekana kijani chini yake. Kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha dereva palikuwa na matundu manne ya boliti, yamezibwa kwa lami, mahali ambapo kitu kizito kiliwahi kufungwa na kuondolewa. Nilimwita fundi mmoja mzee wa Wadi Kabir, ambaye mikono yake imepita katika magari haya tangu ujana wake. Aliinama, akatazama, akacheka. Akaniambia gari hili limevaa kanzu tatu, na ya baba yako ndiyo ya tatu.

Jioni ile nilimpigia simu dada yangu mkubwa. Baada ya masalkheri na kuulizana hali, nikamweleza niliyoyaona, na kwamba ninakusudia kuyaandika hapa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Baba amelala kaburini, na wewe mdogo wangu unamvua nguo mbele ya watu kwa sababu ya saa ya mwendo?"

Sikuwa na jawabu. Nikaiweka kalamu chini kwa wiki tatu.

Nchi aliyoikuta baba

Katika wiki hizo nilisoma na kuuliza, si khabari za gari bali za wakati. Inafaa tuikumbuke, kwa sababu watoto wetu wanaiona Maskati ya leo, yenye barabara pana na taa, wakadhani baba zetu waliikuta hivyo.

Kabla ya tarehe 23 Julai 1970, siku aliyoshika utawala Sultani Qaboos bin Said, Oman nzima ilikuwa na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi na skuli tatu za serikali. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya kufungwa ilimlazimu abebe kandili. Mafuta yalikwisha anza kusafirishwa mwaka 1967, lakini matunda yake yalikuwa hayajaonekana. Sultani mpya aliwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi wajenge nchi. Miongoni mwa walioitikia walikuwa watu wetu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, na wengine kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Wengi wao walizaliwa Afrika na hawakuwahi kuiona Oman. Walijua kusoma na kuandika, na wengi walijua Kiingereza, basi ofisi na mashirika yakawapokea. Kiarabu chao kilikuwa cha chuoni, cha Kurani na vitabu, na sokoni walichekwa.

Katika nchi ya namna hiyo gari halikuwa pambo. Kutoka Maskati kwenda Ibra, mji alikotoka babu mzaa bibi kabla ya kuvuka bahari, ni safari ya saa mbili hivi leo. Wakati ule ilikuwa njia ya mawe na mchanga, kupitia Bidbid na kuingia mabondeni, na mvua ikinyesha milimani bonde linageuka mto. Gari lisilokuwa na nguvu za magurudumu manne halikufika. Ndiyo sababu Land Rover zilikuwa kila mahali, jeshini na katika kazi za mafuta, mpaka baadaye Toyota Land Cruiser zilipozishinda, zile ambazo pikapu zake Waarabu wa Ghuba huziita shasi.

Nikajiuliza hivi: mtu aliyefika na begi moja mwaka 1971, mwenye mshahara wa karani, mke, watoto watano, na mama mzazi aliye ng'ambo ya bahari, angepata wapi fedha za gari jipya kwa miaka miwili? Nimefanya kazi ya mishahara nusu ya umri wangu. Hesabu hiyo ningemfanyia mtu mwengine yeyote kwa dakika tano. Kwa baba yangu sikuifanya kwa miaka 50, kwa sababu sikutaka kuifanya.

Maneno ya ami

Nikaenda Ibra kwa ami yetu, wa mwisho aliyebaki katika ndugu zake baba. Umri wake umepita miaka 90. Macho yamepungua lakini kumbukumbu haijapungua. Nilimweleza yote, pamoja na rangi iliyo chini ya viti. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kahawa, kisha akasema:

"Mwanangu, baba yako hakusema hata siku moja kwamba gari lile ni jipya. Aliyesema ni bibi yako."

Nikamwomba anieleze. Akaeleza kwamba baba kweli alikuwa akiweka fedha kwa ajili ya gari jipya, na kiasi cha kuanzia alikwisha kipata. Kisha ikaja barua kutoka Dar es Salaam kwamba bibi na shangazi wamepata ruhusa ya kuondoka, na hawana nauli. Walikuwa watu wanne. Baba akatoa fedha zote. "Fedha za gari jipya," ami akasema, "zilipanda ndege." Kwa kilichobaki, pamoja na deni alilolilipa miaka miwili, akanunua pikapu kuukuu mnadani, akaipaka rangi ya buluu yeye mwenyewe kwa brashi, na ami akiwa ameshika kopo.

Viti vilikuwa vimechanika. Fedha za kuvishonesha hazikuwapo. Hapo ndipo mama alipoingia katika historia hii, na mimi nilikuwa nimemsahau kabisa. Mama alikuja na mito miwili ya sufi, ya arusi yake, aliyoibeba kutoka Unguja hadi Dar es Salaam na kutoka Dar es Salaam hadi Maskati. Akaifumua yote miwili. Akajaza sufi katika kiti cha kulia, alichokusudiwa bibi, kwa kuwa bibi alikuwa na maradhi ya kiuno na njia ya Ibra haikuwa na huruma. Juu yake akashona kanga mbili, moja juu ya moja, ili kiti kisimuunguze mama mkwe wake kwa joto la jua.

Siku bibi alipofika, alipandishwa mbele. Akakaa, akakipapasa kile kiti, akanusa rangi mbichi, akasema: "Mwanangu, umeninunulia gari jipya!" Baba akamtazama mama. Mama akainama. Wala hakuna aliyesema neno. Ami akaniuliza, "Ungemjibu nini? Ungemwambia kwamba gari jipya ndiyo nauli yako wewe?"

Bibi akalisimulia gari jipya kwa jirani, jirani kwa jirani, na sisi watoto tukalipokea kutoka kwa bibi. Baba alinyamaza. Hakudanganya, alimwachia mama yake furaha yake, na furaha hiyo ikaja ikawa historia ya ukoo. Hata bibi alipofariki mwaka 1981 hakuisahihisha. Nadhani aliona kumsahihisha maiti si adabu.

Njia nzima ya kurudi Maskati nilikuwa nikilifikiria jambo moja. Tulikuwa tukiwapiga vijana wetu kwa gari lile: "Baba yako alipata gari jipya kwa miaka miwili, na wewe?" Kumbe aliloweza baba kwa miaka miwili ni kuwavusha watu wanne bahari. Tumewafunza watoto wetu sehemu ndogo ya hadithi na kuificha iliyo kubwa.

Kilichobadilishwa na kilichobaki

Niliporudi kazini nilikuwa mtu mwengine. Kabla ya safari ile nia yangu ilikuwa kulifanya gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Sasa nikajiuliza, lilivyotoka kiwandani ni la nani? Si letu. La kwetu linaanzia mnadani. Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao, nami sikuwahi kuielewa methali hiyo mpaka niliposhika mkononi foronya ya kanga yenye umri wa nusu karne.

Kwa wale wenye magari ya wazazi wao mabandani, nayaandika haya kutoka daftarini.

Kwanza nyaya. Nilitenga betri kabla ya kugusa chochote, kisha nikafunga kikaratasi chenye namba kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa, na namba ile ile nikaiandika mahali ulipotoka. Nyaya zote zikabadilishwa, bila ya huruma. Waya wa zamani karibu na tangi la petroli si urithi, ni hatari.

Pili, milango. Vioo vya Land Rover hii havipandi wala havishuki. Huteleza kwa upande, ndani ya mifereji ya bati iliyotandikwa kitambaa. Kitambaa kile hunywa maji ya umande, na bati likaoza chini yake. Mifereji yote ilikuwa imekwisha, nikatia mipya, pamoja na raba za kuzunguka milango. Pale skrubu za chuma zilipogusana na alumini kwa miaka mingi palifanyika unga mweupe, kwa kuwa madini haya mawili hulana penye unyevu na chumvi. Nilisafisha, nikatia grisi na vizibo vyembamba vya plastiki kabla ya kukaza skrubu mpya, ili zisikutane tena uso kwa uso.

Tatu, sakafu. Mabati ya sakafu hufunguka yote, na chini yake ndipo kutu ilipojificha, pale miguu ya dereva inapokaa. Fundi alikata palipooza akachomelea bati jipya, na juu yake tukatandika raba mpya nyeusi.

Nne, ubao wa saa. Huu haukubadilishwa. Niliusafisha, nikautia taa mpya ndani, na saa ya mwendo ikapelekwa kwa fundi wa saa akaifungua na kuipaka mafuta. Bado inahesabu kwa maili. Ile dashibodi ya plastiki imo stoo ndani ya kasha lake. Gharama ya kuirudisha inazidi bei yake, nami nimeiweka kama risiti ya ujinga wangu.

Tano, usukani na vishikizo vya gia. Kishikizo chekundu na kile cha manjano vimelika upande mmoja, upande wa kiganja cha baba. Vipya vilikuja kutoka Uingereza na vinapendeza. Nimevitia ndani ya sanduku, chini ya kiti cha kushoto. Vile vya zamani viko mahali pake.

Mwisho, viti. Cha dereva na cha katikati vimevishwa ngozi bandia nyeusi, ya mshono ule ule wa kiwandani, kazi ya fundi mmoja mtu wa Kerala mwenye mkono mwepesi. Kiti cha bibi kilinipa shida. Sufi ilikuwa imeshika ukungu, na panya walikwisha zaa ndani yake. Kuibakisha kungekuwa ni kuwaharibia wengine pumzi kwa ajili ya mapenzi yangu. Fundi akakata sponji mpya kwa kipimo cha zamani. Kanga zikafuliwa kwa maji baridi na sabuni ya mche, zikaanikwa kivulini, zikatiwa kitambaa kigumu kwa nyuma, na kurudishwa juu ya kiti. Maneno yake yamefutika, hayasomeki tena, lakini pindo lake bado linaonekana.

Sufi iliyosalimika, baada ya kuchambuliwa na kuanikwa juani siku nne, ilitosha mto mmoja mdogo. Niliushonesha, nikampelekea dada.

Hakuniuliza ni kitu gani. Aliupapasa kama alivyopapasa bibi, akajua. Nikamweleza maneno ya ami, na khabari ya nauli, na khabari ya mito ya arusi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kati yetu, na akakumbuka jambo ambalo ami hakulijua: kwamba mwaka ule mama alilala bila ya mto kwa miezi, akikunja shuka chini ya kichwa, na alipoulizwa akasema daktari amemwambia ni dawa ya shingo.

Tukakaa kimya. Kisha dada akasema, "Basi andika. Lakini usiandike ya gari tu. Andika na ya kiti."

Nimeandika.

Sasa nina ombi kwenu. Kila nyumba yetu ina kitu kama hiki: kasha la njumu, kitanda, saa ya ukutani, cherehani. Kila kitu kina hadithi yake tunayoirudia. Kitazameni kwa ndani na chini yake, mahali ambapo mpaka rangi hakushughulika napo, kabla hamjabadilisha chochote. Andikeni kilichotoka na kilichoingia, na tarehe yake. Na ikiwa mnaye ami, au shangazi, au bibi aliye hai, mwendeeni wiki hii, msingoje vipuri vije viwaoneshe kwamba havilingani.

Mwenyezi Mungu awarehemu baba, mama na bibi, na wazee wenu wote waliovuka na waliowavusha wengine.

Wassalamu alaykum.